Wasalimie Nyani wa Nyungwe

Wifi alikuja na maji yake ya kunywa. Katoni za chupa, moja juu ya nyingine, kazitoa Kigali, kazipitisha msitu mzima wa Nyungwe, kaja kuzishusha Kamembe, kwenye nyumba ambayo ukisimama mlangoni unaliona Ziwa Kivu lote. Alisema watoto wake wana matumbo mepesi. Drocella alimkumbatia kama inavyopasa, akamwambia, "Karibu sana, Maman Teta, hapa ni kwako," na moyoni akasema: matumbo mepesi ya nani, wewe uliyekunywa maji ya mtaroni Kadutu mpaka ukaota meno ya pili?

Maana huyu Mukamazimpaka hakuzaliwa kwenye zulia. Yeye, kaka yake Théoneste ambaye ni mume wa Drocella, na Drocella mwenyewe, wote walikulia Bukavu, ng'ambo ya mto, mtaa mmoja wa Kadutu, wakigombania bomba moja. Waliporudi Rwanda, Théoneste na mkewe waliishia Kamembe, mume akiranda mbao, mke akiuza sokoni sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwani. Mukamazimpaka akaolewa na bwana mwenye ofisi Kigali, na tangu siku hiyo Kiswahili kikamtoka mdomoni kama jino bovu. Ukimsemesha anakunja uso, anajibu kwa Kinyarwanda cha redioni, anamalizia kwa Kifaransa. Wanawe aliwapiga marufuku kabisa wasikiguse. Alisema ni lugha ya sokoni, itawaharibia Kiingereza.

Na kila likizo kubwa, jua la Julai likishapamba moto, alikuja na kukaa mpaka shule zikaribie kufunguliwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nani ampe Mukamazimpaka jembe? Alilala mpaka jua likamfikia kitandani, akaamka kuulizia mayai, akawekewa kiti kivulini, na Théoneste, mwanamume mzima mwenye ndevu, akawa anakihamisha kile kiti kila kivuli kinaposogea. Dada akikohoa, kaka anapiga chafya. Drocella alimtazama mumewe akihangaika na kiti, akamdharau kwa moyo wake wote, halafu akaenda kukaanga mayai.

Aliyakaanga kwa sababu. Mwaka huu Mukamazimpaka alikuwa ameahidi kumchukua Nishimwe, binti yao, akaishi naye Kigali na kuanza sekondari kwenye shule wanayosoma wanawe, shule yenye basi lake na maabara yake, ambako wasichana wanaruhusiwa hata kufuga nywele. Nishimwe alikuwa wa kwanza darasani tangu ajue kushika kalamu. Drocella hakutaka binti huyo aje kunuka samaki kama yeye. Kwa ajili ya hilo, wifi angetaka mayai ya mamba, angekaangiwa.

Basi akameza. Alimeza siku wifi alipoonja sombe yake ya majani ya muhogo akaisukuma sahani kwa ncha ya kidole. Alimeza siku mtoto mkubwa wa wifi, Christophe-Aimé, alipofungua mlango wa choo, akaufunga tena, akasema atasubiri mpaka warudi kwao. Lakini alichomeza mchana alikitapika jioni jikoni, na mtazamaji wake alikuwa Nishimwe. Drocella alijifunga kitenge kifuani, akashika mwiko kwa vidole viwili, akatembea kwa madaha kati ya masufuria akiuliza kwa sauti ya puani kama bugali nacho ni chakula cha binadamu. Nishimwe alicheka mpaka akakaa chini. Zilikuwa saa tamu kuliko zote za likizo ile, mama na binti, mlango umerudishwa, wakimchambua mgeni kama mchele.

Kitu kimoja tu Drocella hakukifanyia mzaha, nacho ni impamba. Kwao mgeni haondoki mikono mitupu. Anafungiwa chakula cha njiani na cha kumfikisha kwake, na nyumba husifiwa au husengenywa kwa mfuko huo. Kila mwaka Drocella alishuka mwenyewe hadi Nkanka, kwenye shamba la marehemu mama mkwe kando ya ziwa, akachimba viazi vitamu, bijumba kama wanavyoviita, akikitazama kimoja kimoja na kukikataa chochote chenye jeraha la jembe. Sambaza alichagua wakubwa, akawaanika kwenye wavu, akakaa na fimbo kuwafukuza kuku. Pasaka iliyopita shangazi alikuja kumchukua Nishimwe akakae naye wiki moja, na msichana akasafiri gari moja na mfuko huo. Aliporudi alileta habari: Tantine amekula, amesifu, amesema viazi ni vitamu kama asali. Drocella aliipeleka habari hiyo sokoni, na wauza samaki wenzake wakaisikia mpaka wakaichoka. Hata awe na maringo vipi, aliwaambia, tumbo lake linaikumbuka Nkanka.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu shule zinafunguliwa. Mvua ya kwanza ya Septemba ilikuwa imenyesha, vumbi la Kamembe limelala. Nishimwe alikuwa amesukwa misuko mirefu, maana shangazi hakutaka afike Kigali na kichwa cha mwanafunzi wa kijijini. Alikuwa amekaa juu ya begi lake jipya barazani tangu alfajiri, na macho yake yalikuwa yamekwisha kufika Kigali. Théoneste alikuwa anafuta vioo vya gari la dada yake kwa shati lake mwenyewe. Alipomaliza akaubeba mfuko wa impamba, akausukuma nyuma ya gari, na juu yake akaweka ndizi mbivu.

Teta, kitinda mimba wa wifi, alikuja kusimama karibu na Drocella. Huyu ndiye pekee kati ya wageni aliyempenda. Alikuwa amecheza uani na watoto wa jirani likizo nzima, na marufuku ya mama yake haikufua dafu. Kiswahili kilimwingia bila kubisha hodi.

"Maman Nishimwe," Teta alisema, akiutazama mfuko, "nyani batafurahi sana!"

"Nyani gani, mama yangu?"

"Ba Nyungwe. Banaikalaka kando ya barabara. Maman anasimamishaka gari, tunabarushia bijumba, moja moja. Iko moja mukubwa, anashikaka na mikono mbili, hivi!" Alionyesha, akaruka kidogo. "Lakini samaki hapana. Samaki Maman anatupaka mu mutaro, sababu inanukisha gari."

Drocella aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto. "Kila mwaka?"

"Kila mwaka," alisema Teta. "Ni mchezo muzuri."

Uso wa Drocella uliwaka. Aliiona mikono yake ndani ya udongo wa Nkanka, ikikataa viazi vyenye jeraha ili nyani asije akaudhika. Alijisikia akihubiri sokoni habari ya asali. Miaka yote alimdharau Mukamazimpaka kwa kujifurahisha tu, kama mtu anayetafuna njugu, lakini sasa dharau ile ilimgeukia ikamuuma yeye, ikauma kweli, akataka kulia. Halafu akamwona Nishimwe juu ya begi. Kama jasho langu linalishwa nyani, alijiuliza, mwanangu atafanywa nini katika nyumba hiyo?

Mukamazimpaka alitoka, miwani ya jua kichwani, chupa ya mwisho ya maji mkononi, akisema kwa Kinyarwanda kwamba wanachelewa. Drocella alimpita bila kumtazama, akaenda barazani, akamwambia Nishimwe asimame. Alichukua begi, akalirusha ndani, akafunga mlango, ufunguo akautia kifuani.

"Maman Teta," alisema, "mutoto anabakia."

Wifi aliuliza kwa Kifaransa kuna nini.

"Unasikia Kiswahili muzuri sana, wewe mutoto wa Kadutu. Mutoto anabakia. Bijumba peleka. Impamba hairudi nyuma, na nyani ba Nyungwe habakunikosea kintu. Ubasalimie. Ubaambie ni Drocella ndo anabalimia."

Majirani walikuwa wamekwisha kuacha kufagia. Mukamazimpaka alimtazama Teta, akaelewa, na uso ukamshuka. Kisha, mbele ya watu wote, Kiswahili kikamrudia, kile kile cha Kadutu, bila kutu hata kidogo.

"Ni batoto banacheza tu, Drocella! Juu ya bijumba unamuharibia mutoto masomo?"

"Endesha muzuri," Drocella alisema, akasogea pembeni gari lipite. Alipunga mkono kwa sababu Teta alikuwa anapunga.

Théoneste alisimama na shati lake chafu mkononi. "Umeniua na haya mbele ya bantu," alisema.

"Gari imeenda, Papa Nishimwe. Tafuta vioo vingine."

Nishimwe alikaa barazani Jumamosi yote, akiitazama barabara. Jumapili baada ya misa ilibidi anyolewe, kwa sababu shule ya kutwa aliyopangiwa, ambayo kwa miezi miwili hakuna aliyeikumbuka nyumbani, haipokei msichana mwenye misuko. Alikaa kwenye kigoda kati ya magoti ya mama yake, uani, mgongo umemkakamaa. Drocella alifumua msuko baada ya msuko, kisha akachukua mkasi, akaanzia upande wa kushoto.

"Juu ya bijumba," Nishimwe alisema hatimaye.

"Si juu ya bijumba. Ni juu ya zarau. Ungejua kile banafanyaka na chakula yetu..."

"Nilijua."

Mkasi ulisimama.

"Nilijua tangu Pasaka," alisema Nishimwe, akiutazama ukuta. "Si nilikuwa mu gari? Na mimi nilirusha."

"Na asali? Si uliniambia amesifu?"

"Uliniuliza ukiwa na furaha sana. Ningesema nini?"

Drocella alivuta pumzi. "Ulirusha bijumba ya mama yako. Na ulicheka?"

"Nilicheka. Bote balikuwa banacheka." Aligeuka kwenye kigoda. "Na wewe? Unamuchekea Tantine mbele, unamukaangia mayai, halafu mu jikoni unamuiga vile anatembeaka. Mimi nilifanya vile unafanyaka, Maman. Ndo vile tu."

Drocella alilitafuta tusi. Kwa kawaida matusi yalimjia kabla hajayaita, lakini lile halikuja. Nyani haoni kundule, watu husema, na yeye alikuwa amelisema hilo mara nyingi, kila mara juu ya mtu mwingine. Alikumbuka mwiko ule aliokuwa akiushika kwa vidole viwili, na binti yake amekaa sakafuni machozi ya kicheko yakimtoka, akimtazama mama yake kama mwanafunzi anavyotazama ubao. Alidhani siku zile alikuwa anachekesha.

Angeweza kumzaba kofi. Angeweza pia kumwomba radhi, ila hakujua maneno yake yanaanzia wapi, maana kwao mama hamwombi mtoto radhi. Alichoweza ni kumaliza upande wa kulia. Alinyoa kombo, na Nishimwe alipojipapasa kichwa vidole vikaikuta ile kombo.

Jumatatu asubuhi aliwasha mkaa mapema, akachagua kiazi, akakitia kwenye makaa, kisha akashughulika na sare, akatafuta soksi ya pili, akagombana na Théoneste kuhusu ile soksi, na aliporudi jikoni moshi ulikuwa mwingi. Alikitoa, akakipuliza, akampa msichana aliyesimama mlangoni na sare yake ikimzidi mabega.

"Kula."

Nishimwe aliuma kipande kimoja, akatafuna polepole.

"Iko namna gani?" Drocella aliuliza, na aliogopa jibu kuliko alivyowahi kumwogopa mtu yeyote wa Kigali.

Msichana alimtazama usoni. Akameza, kisha akasema, "Imeungua, Maman. Na katikati haijaiva."

Drocella alikipokea, akauma upande wake. Kilikuwa kimeungua, na katikati kilikuwa kigumu.

"Ni kweli," alisema. "Imeungua."

Alikibandua maganda meusi kwa kucha, akakata sehemu mbichi akawatupia kuku, akamrudishia kipande kizuri kilichobaki. Nishimwe alikimaliza akiwa amesimama pale pale, kichwa kimenyolewa kombo, kisha akachukua begi lake jipya akaenda shule.