Boksi la Kijivu Kwenye Kona

Mume wangu Sebastian alikufa kati ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro na geti la Lodoare, akiwa peke yake ndani ya Landrova ya kampuni iliyomwajiri. Alikuwa ameshusha wageni hotelini, anarudi Karatu. Kampuni ikasema ni uzembe, mwendo kasi kwenye ukungu. Mtaani wakaongeza chumvi, wakasema alikuwa amelewa, na hilo ndilo binti yetu Angel alilokuwa akiimbiwa shuleni. Sebastian hakuwa mtakatifu, mimi ndiye niliyeishi naye, lakini usukani aliuheshimu kuliko alivyoniheshimu mimi.

Nina duka la kompyuta pale Karatu mjini. Nachapa barua, nachoma CD, nauza intaneti inayotambaa. Mwaka 2005 wateja wangu walipagawa na gemu moja la mbio za magari, lenye sehemu ya kujitengenezea barabara unayoitaka. Wengine walitengeneza viwanja vya mashindano vyenye bendera. Mimi nikaamua kutengeneza barabara iliyomuua mume wangu, nione kama mtu mwenye akili zake anaweza kuanguka pale.

Niliomba lifti kwa madereva, nikapima upana wa barabara kwa kamba, nikapiga picha udongo mwekundu na miti yenye ndevu. Dukani nikaiunda upya kwa vipande vidogo vya pembetatu, kimoja baada ya kingine, kisha nikavivisha zile picha. Korongo nililiweka kushoto kwa anayeshuka, kama lilivyo. Nilipofika kwenye kona ambako Sebastian alitumbukia korongoni mikono iligoma. Nilitengeneza miti yote ya jirani kwanza, hata ile ambayo hakuna mtu angeiona.

Kuijaribu niliwaachia madereva wa utalii. Ilikuwa masika, wageni hakuna, nao walikuwa wakizurura mjini na funguo mfukoni. Wakanitania kwamba Mama Angel amewarudisha kazini bila posho. Kwenye zile kona zisizoonyesha mbele wana desturi yao: anayeingia anapiga honi, aliyeko ndani ya kona anajibu, na kusipojibiwa unajua njia ni nyeupe. Gemu halikuwa na honi, basi wakawa wanaipiga kwa mdomo. Isaya, Mwiraqw wa kule Buger, alipiga pii-pii yake mpaka mteja aliyekuwa akiandika barua ya kazi akahama kiti.

Hakuna aliyeanguka. Isaya akaniambia kwa upole kwamba gemu ni gemu, gari la kwenye kioo halina uzito. Nikaongeza uzito, nikaongeza utelezi, mwisho nikashusha ukungu. Bado walipita. Ukikimbia kama mwendawazimu ulianguka, ndiyo, lakini chini kabisa, mbali na kile kichaka cha ukingoni mwa korongo ambacho Landrova ya Sebastian ilikipasua ikianguka.

Siku zile nilianza kumsikia. Sisemi nilimwona. Nilikuwa nikiendesha peke yangu mchana duka likiwa tupu, na kila nilipokaribia kona nilimsikia nyuma ya bega langu akisema polepole, Elieshi, punguza. Nilipunguza. Nilikuwa naogopa kugeuka, na nilikuwa naogopa zaidi kwamba siku moja hatasema.

Barabara tupu ilikuwa haiui mtu. Nikatengeneza boksi la kijivu, kubwa kama gari, lisilo na magurudumu wala vioo, nikaliweka katikati ya kona. Nikashuka kwa mwendo wa kawaida ndani ya ukungu. Boksi likanitokea ghafla, vidole vyangu vikakwepa kushoto vyenyewe, na gari likaenda korongoni kupitia kichaka kile kile. Nikavua kanga mabegani, nikafunika kioo.

Mathias alikuja kesho yake. Alikuwa rafiki wa Sebastian na dereva mwenzake, walitoka pamoja Kilimanjaro kutafuta maisha, na ndiye aliyekuta gari korongoni na kuleta habari. Wenzake wote walikuwa wamejaribu barabara yangu, yeye kila siku ana udhuru. Safari hii Isaya alimkokota mpaka mlangoni, akamkalisha, akaenda zake kunywa chai. Nilikuwa sijaliondoa boksi, wala sikumwambia mtu habari zake.

Alishuka kutoka ukingoni vizuri, akinisifu. Alipoingia kwenye kona boksi likatokea ndani ya ukungu. Hakukwepa. Aliondoa mikono kwenye kompyuta, gari likaligonga likasimama, naye akabaki akilitazama lile boksi.

“Shemeji,” alisema, “nani amekuambia?”

Nilihisi nikifungua mdomo tu nitapiga kelele, naye angepata nafasi ya kukimbia. Akaanza kusema mwenyewe, macho kwenye kioo. Siku ile alikuwa akipanda na wageni. Wakaona tembo upande wa mlimani, wakataka picha, akasimama pale pale katikati na kuzima injini.

“Alipiga honi?” niliuliza.

“Alipiga. Mara mbili.”

“Ukajibu?”

“Wageni walisema nitamfukuza tembo.”

Basi Sebastian akajua njia ni nyeupe. Mathias aliliona gari likipita pembeni yake na kupotea. Wageni walikuwa wakitazama tembo. Walisikia kishindo tu, naye akawaambia kuna tembo mwingine bondeni ameangusha mti. Akawafikisha hotelini kwanza. Ndipo aliporudi.

Nilimchukia mpaka meno yakauma. Aliniuliza afanye nini. Nikamwambia asiinuke kwenye kiti kile mpaka wenzake waje, na akiwaambia nusu, nusu nyingine nitaisema mimi sokoni. Saa kumi walikuja pamoja na Isaya, wakicheka mpaka walipouona uso wake. Aliwaambia yote. Hakuna aliyemtukana. Isaya alivua kofia, akanipa mkono kama tuko msibani, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Kabla ya jioni mji mzima ulijua kwamba Sebastian hakuwa mlevi wala mzembe.

Nilikuwa nimelitaka jina lake lisafishwe kuliko nilivyotaka chakula. Nilikwenda nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Angel alikuwa akichambua mchele mlangoni. Nikamkalisha, nikamweleza taratibu kwamba baba yake aliendesha vizuri, alipiga honi, alifanya kila kitu sawasawa, na shuleni wasimwambie tena upuuzi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atafurahi. Alizungusha mchele kwenye ungo bila kuutazama.

“Kwa hiyo angejibiwa,” aliniuliza, “baba angerudi nyumbani?”

Miaka miwili tulikuwa tumezoea kwamba hakuna mtu mwingine aliyeweza kukizuia kifo chake. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, angerudi.