Pini Kumi na Tisa

Asubuhi kapiteni mmoja aliingia gereji kwangu na pikapu. Nyuma alikuwa amepakia mtambo wa kurushia makombora ya kubomoa vifaru, uliotengenezwa kwa gari jingine kabisa, la nchi nyingine. Alitaka niufunge juu ya pikapu hiyo.

Mimi Kankolongo ni fundi wa malori ya mgodi hapa Kolwezi. Kwa miaka thelathini tumevalisha lori moja vyuma vya lori jingine, hadi watu wakaamini kila kitu kinaingia popote. Ujinga huo tumewafundisha sisi wenyewe.

Nilichoka hata kabla ya kuanza. Matundu ya boliti hayakukutana, nikatoboa mengine. Plagi ya mtambo ilikuwa na pini kumi na tisa, tundu la gari kumi na mbili.

“Tata, kata, unga. Itawaka tu,” alisema kapiteni, akiniita baba.

Nikakata, nikaunga, dereva wake Samy akinishikia nyaya. Saa tisa taa ya kijani ya mtambo ikawaka. Kapiteni akapiga makofi.

“Bon,” nikasema. “Unajua desturi ya hapa: gari ikitoka gereji, fundi na mwenye gari banapanda pamoja ku essai, kuijaribu. Mi niko tayari. Twende kule ziwa Nzilo, utakaa karibu na kombora, utafyatua.”

Alizitazama nyaya zangu kwa muda mrefu.

“Niko na kikao,” akasema. “Samy atafyatua.”

Nikanyoosha mkono nyuma kutafuta koleo nizikate zile nyaya. Samy alikuwa ameshaishika. Akaniwekea kiganjani.