Mhimili wa Shangazi Kafedha

...na ule mstari wa chini wa mchoro wake aliuvuta sawasawa, kwa rula ya chuma na penseli iliyochongwa vizuri, hakuna awezaye kusema umepinda, basi kosa li wapi, Ruwa anajiuliza huku ameukumbatia mhimili wa nyumba mpya ya shangazi yake Kafedha, shavu kwenye gome, kwa kuwa mjomba Gona amemwambia aushike na asitikisike mpaka shimo lijae udongo, na mjomba Gona akiwa kazini hana mchezo, amejenga nusu ya Kisauni bila kushika kalamu... "Kwangu kidogo," mjomba anasema, "kwangu, si kwako"... na kesho saa mbili asubuhi Ruwa atakuwa amevuka daraja, yuko kisiwani kwenye dawati, mtihani wa kuingia chuo cha wasanifu wa majumba, huko Uingereza, nafasi ni moja, watahiniwa kumi na tisa, na vita vimekwisha mwaka wa pili sasa, Wazungu wamekumbuka kuwa hata watu weusi wanaweza kusanifu nyumba, lakini wawe chini ya miaka ishirini na mitano, ambayo yeye anaitimiza mwezi wa tatu, kwa hivyo ni kesho au basi tena, akikosa atabaki kwenye ile ofisi ya ujenzi akinakili ramani za wengine, karatasi nyembamba juu ya karatasi nene, madirisha waliyoyafikiria wengine, mpaka macho yamchoke... hesabu haimtishi, Kiingereza atakisukuma hivyo hivyo, kinachomnyima raha ni ule mchoro wa mkato, ule wa kuichukua nyumba ukaikata kwa kisu toka paa hadi chini, kama mkate, watu waone yaliyomo, naye alidhani anaujua, akaichora nyumba ya mamake yote, makuti, fito, hadi mtungi wa maji kwenye kona, akampelekea mwalimu Dishon anayewafundisha Jumamosi, mwalimu akautazama sana, akavua miwani, akasema, "Nyumba nzuri, Ruwa, lakini hii, upepo wa kwanza tu utaipeleka Kilifi," wenzake wakaangua kicheko, Phineas akacheka mpaka akafuta machozi, "Kosa lenyewe ni lipi, mwalimu?" "Litafute. Siku ya mtihani sitakuwa nyuma yako kukunong'oneza"... wiki mbili amelitafuta, akazinenepesha kuta, akaongeza boriti, boriti juu ya boriti, nyumba ya mamake ikawa na miti mingi kuliko msitu, na kila alipompelekea mwalimu, mwalimu alisema neno lile lile, Kilifi, Kilifi, hata jina la mji wa watu likaanza kumchukiza... "Huo mti utauoa?" shangazi Kafedha anapita na ndoo ya maji ya kukandia udongo, nguo kaipiga kibwebwe, "maana umeukumbatia hata mke hakumbatiwi hivyo," wanawake walio kwenye udongo wanacheka, naye anatabasamu kwenye gome, anampenda shangazi huyu, nyumba yake ya zamani ilianguka kwa masika, hakulia, alikaa juu ya kitanda uani akasema afadhali, ilikuwa na joto, na tangu mwezi uliopita anamwambia kila mtu kanisani kwamba mpwa wake atachora majumba ya magavana, wallahi, akikosa aibu itakuwa kubwa, atamwambia nini... "Tulia," mjomba anasema, na anaanza kushindilia, gogo linashuka shimoni, du, du, na mshindo unapanda ndani ya mti, unampiga Ruwa kifuani, du, unatoka chini, chini ya nyayo zake, mbona unatoka mbali hivyo, anainamisha macho bila kuinamisha kichwa, mti unafika kwenye mchanga na haukomi, unaendelea, unapita mchanga mweupe, unapita ule mwekundu, unaingia gizani huko ambako... ngoja, ngoja kwanza... yeye aliukomesha wapi? Mihimili yake yote aliikomesha kwenye mstari, ule ule mzuri wa rula, imesimama juu ya ardhi kama miguu ya meza, kisu chake kilikata paa, kikakata ukuta, kikafika kwenye ardhi kikaogopa, na ardhi nayo inakatwa, bwana, ardhi nayo ni nyumba, Mungu wangu, ni hilo tu, wiki mbili za boriti na kukosa usingizi ni hilo tu, na furaha inampanda toka tumboni, anaanza kucheka, anacheka na mti unacheka naye... "Huyu acheka nini?" shangazi anauliza. "Usitikisike, nimesema," na yeye anajaribu, anabana midomo, machozi yanamtoka kwa raha, anataka karatasi, penseli, sasa hivi, na hawezi kuachia mkono hata mmoja, na hata hilo linamfurahisha, kesho iko mbele yake pana na nyeupe wala haimtishi, ataushusha kila mhimili, ataushusha kwa kipimo chake kamili...

"Mjomba," anasema, "shimo hili lina kina gani?"

Mjomba Gona anasimamisha gogo, anajifuta jasho, anamtazama mpwa wake msomi kwa huruma.

"Waniuliza mimi? Si wewe uliyelichimba asubuhi?"