Meseji Tamu kwa Ajili ya Viza

Ukitaka kujua mimi nina akili kiasi gani, sikiliza nilivyokaribia kumpoteza mke wangu kwa kumwandikia kwamba nampenda.

Mke wangu ni nesi. Mwaka juzi alipata kazi ughaibuni, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nami nikabaki na karakana yangu ya makochi. Watu mtaani waliponiuliza kama nimeachwa, nilijibu kwamba mimi ndiye niliyemruhusu aende. Si kweli. Aliniaga tu, nami nikabeba sanduku mpaka kwenye teksi.

Mwaka huu akapata kibali cha kumleta mwenzi wake, na mwenzi ndiye mimi. Ubalozi ukataka cheti cha ndoa, picha, na mazungumzo yetu ya simu, ili waone kama ndoa ni ya kweli au ni ya kutafutia viza. Nikaona hilo ni jepesi, maana tunaandikiana kila siku ya Mungu.

Nikaenda duka la fotokopi kuyachapa. Mwenye duka akawa anasoma huku karatasi zinatoka. Akasoma ya kwanza, akakohoa. Akasoma ya pili, akaenda nyuma ya pazia kucheka kwa adabu. Nikazichukua nizisome mwenyewe.

"Umelipa maji au unasubiri wakate?"

"Nimelipa. Unadhani mimi mtoto?"

"Mtoto ana nafuu. Na kochi letu?"

"Wateja kwanza."

"Haya, endelea kukalia springi, mume wangu."

Ni hivyo mwanzo mpaka mwisho. Hakuna "nakupenda" hata moja iliyopita njia. Palipokaribia mapenzi ni pale alipoandika: "Kunywa dawa, usije ukafa nikaingia hasara ya nauli." Nikapiga hesabu kwamba nikipeleka haya ubalozini nitapewa pole badala ya viza.

Basi nikaamua kutengeneza mapenzi mapya. Mimi ni fundi bwana. Kochi bovu unalivua kitambaa cha zamani, unalivika kipya, na mteja hajui kilichomo ndani. Kwa ushauri nikamwendea dada yangu mkubwa, ambaye ameolewa mara tatu na kuachika mara tatu. Nikaona huyo ndiye mwenye uzoefu. Hapo pia nipimeni akili.

"Mwandikie asubuhi kabla hajaingia kazini," dada akasema. "Mwite ua. Mwite pumzi. Mwanamke akiitwa pumzi hana ujanja."

"Dada, mimi sijawahi kumwita hata mpenzi."

"Ndiyo maana uko peke yako."

Nikaandika: "Habari za asubuhi, pumzi yangu." Jibu likachelewa, kisha likaja: "Nani kashika simu yako?"

"Ni mimi, ua la moyo wangu."

"Umevunja nini?"

Kesho yake nikayasifia macho yake, akaniuliza kama nina homa. Keshokutwa nikausifia upole wake, na upole hana. Hata mama yake mzazi hajawahi kumsingizia upole. Baada ya hapo hakujibu tena. Nikadhani ni kimya cha mtu aliyezidiwa na raha, nikaongeza dozi. Nikipiga hapokei, nikasema zamu za huko ni ngumu. Mwezi mzima niliandika peke yangu, nikazichapa meseji zangu zote, nikazipeleka ubalozini nikiwa nimejaa kifua.

Siku ya mahojiano nilivaa suti ya harusi, ambayo siku hizi haifungi bila kuombewa. Nyuma ya kioo alikaa mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, msomaji wa polepole.

"Kaka, humu unaongea wewe tu," akasema. "Mwenzako yuko wapi?"

"Ni mwanamke wa haya, mama."

"Anakulalamikia nini hasa?"

"Hana malalamiko. Sisi hatujawahi kugombana."

"Mimi nina mume," akasema, huku akiandika kitu. "Leo tu, kabla sijamaliza chai, tumeshagombana mara mbili."

Alivyokuwa akiandika niliona viza yangu inaota mbawa. Nikajiona narudi kwenye nyumba ile peke yangu, mwaka huu na mwingine, na mtu wa kunigombeza yuko upande wa pili wa dunia.

"Mama, nimekudanganya," nikasema. "Tunagombana kila siku. Hata sasa tuna kesi ya kochi."

Nikaanza kumweleza kwa unyenyekevu, lakini kesi yenyewe ina uchungu wake. Nilikuja kujishtukia nimeganda kwenye kioo, kidole juu.

"Anasema ameningoja miaka minne! Uongo! Ni mitatu na kitu! Na kitambaa kachagua cheupe. Nani anavika kochi kitambaa cheupe karibu na mlango? Hebu tuamulie wewe mwenyewe!"

Foleni nzima nyuma yangu ikasogea karibu isikie vizuri.

"Wewe ni fundi makochi?" mama akauliza.

"Ndiyo."

"Na la nyumbani kwako ni bovu?"

"Ndiyo."

"Mkeo ana haki."

"Kabisa," akadakia mzee mmoja kwenye foleni, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Yule mama akazisukuma meseji zangu tamu pembeni. "Hiyo ya kochi ndiyo ungeniletea. Hizi zimenitia shaka. Lete mazungumzo ya zamani. Na mkeo tutamwandikia leo, athibitishe kwamba bado anataka uende. Asipojibu ndani ya wiki mbili, faili linafungwa."

Nilitoka mle nikampigia papo hapo. Hakupokea. Nikampigia tena na tena, siku ile na zilizofuata, na ndipo akili iliponijia kwamba mke wangu alikuwa hajanisema vibaya kwa mwezi mzima. Niliogopa, sifichi. Nilikuwa nashika nyundo karakanani halafu nasahau nilitaka kupigilia nini.

Siku alipopokea, nilisikia kelele za watu, kisha mlango ukafungwa.

"Unaniacha lini?" akauliza.

"Nikuache niende wapi?"

"Usinifiche. Ubalozi wameniandikia, wananiuliza kama ndoa yetu ni ya kweli na kama bado nakutaka. Nimeshindwa kujibu. Kila siku naifungua barua yao, naisoma, naifunga." Sauti yake haikuwa na ukali hata chembe, na hilo ndilo lililonitisha. "Baba yangu alikuwa na mdomo mchafu kama wangu. Halafu wiki moja akaanza kumsifia mama. Chakula kitamu, gauni limekupendeza, sijui nini. Mama akafurahi, akawasimulia majirani. Jumapili baba akasema anakwenda kunyoa nywele. Hatujamwona mpaka leo. Siku uliyoniita pumzi nilikaa chini pale pale kwenye korido, wazee wakaniuliza nimefiwa na nani."

Mimi niliambiwa baba mkwe alishafariki. Hata posa yetu ilipokelewa na baba yake mdogo. Miaka yote ile nilijua nimeoa mwanamke mkali, basi, nikawa nataniana naye na kurudi kwenye makochi yangu.

"Ilikuwa ya viza," nikasema. "Nilitaka tuonekane tunapendana."

"Maneno yale alikupa nani?"

"Dada."

"Wifi yangu? Huyu huyu ninayemjua mimi?"

"Huyu huyu."

Akashusha pumzi ndefu. "Mume wangu, wewe ni mjinga."

Nilitaka kumwambia kitu kizuri, cha kwangu mwenyewe, kisichotoka kwa dada. Nikajizuia, maana chochote kizuri ambacho ningesema saa ile kingemtisha upya.

"Siendi kokote," nikasema. "Nimekaa hapa nimenyamaziwa mwezi mzima, na sitaki tena. Bora unitukane."

"Subiri," akasema.

Nikasikia vidole vyake vikibonyeza simu.

"Wanauliza kama ndoa yetu ni ya kweli," akasema. "Naandika ndiyo."

Halafu akaanza kulia. Sikumwambia nyamaza, wala sikumwita jina lolote. Nilikaa na simu sikioni mpaka alipomaliza.