Nusu Rupia ya Simba

Mume wangu Jumanne ni fundi cherehani hapa Mikindani, na ana ugonjwa wa sarafu. Si hizi za kutumia, maana hizo zingekuwa heri. Zake ni za kale: pesa na hela za shaba za Mjerumani, rupia za fedha, senti za Mwingereza zenye tundu. Amechonga ubao wa mninga wenye vishimo, kila sarafu na kishimo chake, na kila Ijumaa baada ya swala anaushusha ukutani kuufuta. Mgeni akija anaonyeshwa ubao kabla hajapewa maji.

Miaka yote hakuwahi kutaka sarafu inayong'aa. "Iliyochakaa ndiyo iliyokwenda sokoni," husema. "Hiyo mpya ilikaa kwa bahili." Nami nilimuunga mkono, kwani iliyochakaa ni rahisi. Katikati ya ubao aliweka rupia ya bibi yangu, niliyovishwa shingoni siku ya harusi yetu. Imelika mpaka imekuwa kama kifungo, na ina tundu la mkufu. Alisema hiyo ndiyo mama wa zote.

Basi fikiria hasira yangu aliponiambia anataka kuitoa.

Kishimo kimoja tu kilikuwa hakijapata mwenyewe, cha nusu rupia. Bwana Dickson, mtumishi wa serikali anayekaa Chuno, naye mgonjwa wa sarafu kama yeye, alikuwa amepata uhamisho wa Singida, na alikuwa na nusu rupia mbili. Moja imechakaa, hiyo angeitoa kwa hela chache za shaba. Nyingine ni ya daraja la juu, michoro yake imesimama kana kwamba imepigwa jana. Hiyo alitaka wabadilishane na rupia ya bibi. Dickson anapenda sarafu zilizovaliwa na watu, anasema zina historia. Na mume wangu, mhubiri wa uchakavu, akaitaka hiyo ya daraja la juu!

"Baba Somoe, umerogwa?" nikamwuliza. "Chukua ile iliyochakaa, maneno yaishe."

"Iliyochakaa haisemi kitu."

"Na ya bibi?"

"Nayo haisemi, mama Somoe. Nisamehe."

Loo! Niliumia. Mke mwenza wa mbao nimemvumilia, lakini kuambiwa rupia ya bibi yangu haisemi kitu, hapana. Nikaichomoa ubaoni, nikaifunga kwenye pindo la khanga, nikamwambia tutakwenda wote Chuno, na huko nitatamka mwenyewe mbele ya watu kwamba haitoki.

Lucy, mkewe Dickson, alitupokea vizuri. Sebuleni maboksi yalikuwa yamefungwa tayari kwa safari. Akatuwekea chai, na Dickson akatandika kitambaa mezani, akaziweka nusu rupia mbili.

"Mzee, zitazame taratibu," akasema. "Usije ukajuta baadaye."

Nilidhani Jumanne atazipeleka dirishani, kama afanyavyo kila mtu anayekagua kitu. Wala hakuzitazama. Aliuelekeza uso ukutani, akapitisha kidole gumba juu ya ile iliyochakaa, akaiweka chini. Akashika ile nyingine, uso ukamfunguka.

"Kofia hii hapa. Tai juu ya kofia." Akaigeuza. "Simba. Na mti nyuma yake. Hata mkia, Bwana Dickson, hata mkia!"

"Si unaona mwenyewe," akasema Dickson, akicheka.

Mimi sikucheka. Mkono wa mume wangu ulikuwa umekwenda kutafuta kikombe, ukakipita, ukarudi, ukagusa kisosi kwanza. Nikakumbuka mambo tuliyogombania. Aliacha kushona mashati ya mistari, akadai wateja wamehama. Alilalamikia taa kuwa hafifu, na taa yenyewe mpya. Uzi ukimtoka sindanoni alimwita binti yetu Somoe amtungie, nami nikasema ni uvivu wa uzee.

"Baba Somoe," nikasema, "leo nimevaa khanga ya rangi gani?"

Akanigeukia. "Zambarau."

Nilivaa ya njano. Lucy akaliweka birika chini.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu mwaka jana, kabla ya msimu wa korosho. Ukungu tu, nikadhani utaondoka." Alikuwa bado ameishika ile sarafu. "Ningesema nini? Fundi asiyeona, nani atampa kitambaa?"

"Ungeniambia mimi! Mimi ni nani kwako, mteja?" Sauti ilinitoka kubwa kuliko inavyofaa nyumbani kwa watu, na machozi yakaja nayo, wala sikuyazuia. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanamume we!"

Nikafungua pindo. Kabla sijaitoa rupia ya bibi nilifumba macho, nikaipitishia kidole gumba. Huku laini, huku laini. Miaka yote nilikuwa nikimwona bibi yangu pale, na kwa kidole hapakuwa na kitu ila tundu la mkufu. Nikamwekea Dickson kiganjani.

"Mama, si lazima," akasema. "Mzee aichukue tu hii nusu."

"Mwanangu, makubaliano ni makubaliano. Kamvishe mkeo." Kisha nikamgeukia mume wangu. "Na wewe, Jumatatu hospitali. Usinijibu."

"Sijajibu," akasema.

Tulipofika nyumbani hakungoja hata kuvua viatu. Alishusha ubao, akakipapasa kile kishimo cha nusu rupia, akaipachika, akatabasamu peke yake. Kisha kidole kikatembea kutoka sarafu hadi sarafu, akizitaja moja moja, na nyingine zilimshinda. Kilipofika katikati kikazama kwenye kishimo kitupu.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikamwambia nitaulizia Mtwara mjini, nimtafutie nyingine ya kupaweka hapo, yenye simba wa kushikika.

"Usipaweke kitu, mama Somoe," akasema, na kidole hakikutoka pale. "Hizi zote nitakuja kuzichanganya siku moja. Hapa sitapotea."