Orodha ya Saa Saba

Kazini walimwita Sauti, na jina hilo lilimganda hadi mkewe naye akawa analitumia akitaka kumtania. Kwa miaka kumi na tisa alisoma taarifa ya habari ya saa saba mchana. Waliomsikia bila kumwona walidhani ni pande la mtu, kifua kama kabati. Kumbe alikuwa mwembamba, mabega yamemshuka, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimeingia manjano kwenye ncha. Vidole hivyo alivisugua kwa limau kila jioni kabla hajaondoka kazini.

Hofu ilimwanza siku ya kawaida tu. Alikuwa anasoma hali ya hewa, jambo ambalo angeweza kulisoma amefumba macho, mara moyo ukaanza kwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa. Aliimaliza sentensi kwa kuiburura. Tangu siku hiyo hofu ikawa inamjia inapotaka yenyewe: kwenye ngazi, mbele ya kioo akinyoa ndevu, mezani kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Akawa halali vizuri, na kila alipoona taa nyekundu ya studio ikiwaka akawa anashikilia ukingo wa meza.

Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu asiyependa kuzungukazunguka. Alimshika mkono, akampeleka kliniki na kuketi naye mpaka ndani. Daktari aliuliza yote ya kuuliza, usingizi, chakula, pombe, kazi. Kisha akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi yake, "Sigara unavuta?"

Hapo ndipo yote yalipoanzia. Baba mkwe wake alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, na mkewe ndiye aliyemuuguza miezi minane, akimgeuza kitandani na kumpangusa. Siku ya mazishi Sauti aliapa mbele yake kwamba sigara basi. Sasa mke huyo alikuwa ameketi hapo kando, goti lake limegusana na lake.

"Niliacha," Sauti alisema. "Mwaka wa tatu huu."

Mkewe akamfinya goti kidogo, kwa fahari. Daktari akaandika.

Ukweli ni kwamba alikuwa anavuta kumi kwa siku, wakati mwingine kumi na tano, juu ya paa la jengo la redio, katikati ya matangi ya maji. Mwenzake wa huko juu alikuwa fundi mitambo, mtu wa maneno machache aliyeweza kukaa na mtu mwaka mzima asimuulize lolote.

Dawa aliyopewa ilikuwa vidonge vidogo vyeupe, vya asubuhi na jioni. Vilimsaidia kidogo sana. Baada ya mwezi mmoja daktari akaongeza kipimo, na baada ya mwezi mwingine akaongeza tena. "Mwili wako ni mgumu," alimwambia. "Wengine kipimo hiki kingewalaza kutwa." Sauti alicheka. Hakuona uhusiano wowote kati ya kidonge na paa. Aliona tu kwamba akitoka juu kuvuta, moyo hutulia dakika chache kisha hurudi mbio zaidi, naye hupanda tena.

Mkewe hakuwa mjinga. Jioni moja alinusa kola ya shati lake, akalitupa kwenye ndoo ya nguo chafu, asiseme neno. Ule ukimya ulimchoma Sauti kuliko ugomvi. Kesho yake akamwambia fundi mitambo kwamba sasa anaacha kweli.

"Chukua hii," fundi akamwambia, akimpa sigara ya mvuke aliyokuwa nayo ya ziada. "Haina moshi, haina harufu. Mimi dada yangu imemsaidia."

Na kweli ilimfaa. Tangu siku hiyo hakuwasha sigara hata moja. Alivuta ule mvuke wenye harufu ya peremende, akajiona mtu aliyefanya jambo la maana. Hakumwambia mkewe, maana angeanzaje kumwambia ameacha kitu alichosema aliacha miaka mitatu nyuma? Wala hakumwambia daktari, kwa sababu ileile.

Baada ya siku nne hivi, utulivu ukamjia. Alidhani hatimaye dawa imekubali. Ile hofu ilikaa mbali kama redio ya jirani. Wiki ya pili akaanza kusinzia kwenye basi na kupitilizwa kituo. Akawa anasahau alichoendea jikoni. Mkewe alimkuta siku moja kwenye kochi, kinywa wazi, chai imemmwagikia mapajani bila yeye kushtuka. Alimfunika shuka, akamwacha apumzike. Mtu aliyekosa usingizi miezi, alijisemea, ana deni la kulala.

Siku ya kumi na tano tangu aache sigara, moto ulizuka kwenye kiwanda cha magodoro. Ulianza alfajiri, na kufikia saa sita mchana hospitali ilikuwa imetoa majina, wanne waliokufa na kumi na mmoja waliojeruhiwa. Mhariri aliyachapa kwenye kurasa mbili, kila orodha na kichwa chake cha habari, akamkabidhi Sauti dakika sita kabla ya taarifa.

Sauti aliingia studio akihisi kichwa kama nguo iliyolowa. Taa nyekundu ikawaka. Alianza vizuri. Alisoma jina la kwanza la waliokufa, la pili, la tatu, la nne. Herufi zilikuwa zinaogelea. Alifumba macho kidogo tu, akadhani ni kufumba na kufumbua, kumbe fundi mitambo nyuma ya kioo alihesabu sekunde saba za ukimya. Alipoyafumbua, kidole chake kilikuwa juu ya jina la kwanza la ukurasa wa pili. Akaendelea kutoka hapo. Kile kichwa cha habari kilichosema waliojeruhiwa alikiruka. Akasoma majina yote kumi na moja, taratibu, kwa ulimi mzito, na mwisho akasema kama ilivyo desturi ya kazi yake, "Mungu aziweke roho zao mahali pema."

Mhariri aliingia mbio na karatasi ya marekebisho. Sauti alimtazama kama anayemtazama mtu aliye ng'ambo ya mto. Wakamwinua kitini, akayumba, na wote mle chumbani wakaamini wanachokiona.

"Umekunywa," mhariri alisema.

"Sijanywa."

"Basi umekula nini?"

Marekebisho yalisomwa na mwingine dakika kumi na mbili baadaye. Lakini kwenye kibanda cha kushonea viatu, upande wa pili wa mji, mzee mmoja alikuwa ameshazima redio yake. Alikuwa amesikia jina la binti yake, jina la tisa kwenye orodha. Alivua aproni, akafunga kibanda, akaenda hospitali kwa miguu, na hakwenda wodini. Wa nini wodini? Alikwenda moja kwa moja chumba cha maiti, kuomba mwili.

Mlinzi wa pale alimwambia asubiri, maiti bado zinapangwa. Akasubiri kwenye benchi la saruji kwa muda wa saa tatu. Hakuna aliyemuuliza jina la marehemu wake mpaka saa kumi na moja jioni, na karani alipotazama daftari akasema huyu hayuko hapa, huyu yuko wodi ya majeruhi. Mzee alikimbia, kwa kadiri mtu wa umri wake anavyoweza kukimbia. Binti yake alikuwa amekufa saa kumi na nusu.

Sauti alisikia habari hiyo siku ya pili, akiwa nyumbani, amesimamishwa kazi. Aliyemletea ni fundi mitambo, ambaye aliisema akiwa amesimama mlangoni, kisha akakataa kuketi, akaondoka. Mkewe alikuwa amesikia kila neno.

"Ulikunywa?" alimuuliza.

"Sikunywa."

"Niambie tu. Leo hakuna utakachoniambia kikanishangaza."

Ndipo akamwambia. Paa, matangi, kumi kwa siku, kola ya shati, sigara ya mvuke. Alimwambia akiwa ameutazama mkeka. Mkewe hakulia wala hakufoka. Alichukua pakiti ya vidonge kutoka juu ya kabati, akavaa viatu, akamwambia, "Twende."

Hawakwenda kwa daktari kwanza, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Walikwenda kwenye duka la dawa alikokuwa akinunua vidonge. Mfamasia, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Uliacha sigara lini hasa?"

"Wiki mbili na siku mbili."

Mfamasia alivaa miwani, akasoma kipimo kwenye pakiti, akaivua tena.

"Sikiliza, kaka. Moshi wa sigara unaliamsha ini. Ini likiamka hivyo, baadhi ya dawa linazichoma haraka, na hii yako ni mojawapo. Ulikuwa unameza kidonge, nusu yake inapotea bure. Daktari akaona haifanyi kazi, akaongeza. Angefanya nini, naye hajui? Halafu ukaacha moshi. Mvuke hauna kazi hiyo kwenye ini. Ini likarudi mwendo wake wa kawaida, na kile kipimo kikubwa chote kikabaki damuni, siku juu ya siku."

"Kwa hiyo kuacha sigara ndiko kulikoniharibia?"

"Kuacha ni vizuri. Kilichokuharibia ni kuacha bila kumwambia anayekuandikia dawa." Aliisogeza pakiti upande wao. "Na ule mvuke nao una nikotini. Nikotini inaurusha moyo, kidonge kinautuliza. Unavuta kamba pande zote mbili. Usikatishe dawa ghafla, hilo nalo lina hatari yake. Ngoja nimpigie daktari wako sasa hivi."

Kipimo kilipunguzwa hatua kwa hatua, na kichwa kikamrudia. Kituo cha redio kilipokea barua ya daktari, kikaiweka kwenye faili. Sauti hakurudishwa kwenye maikrofoni. Alipewa kazi ya kupanga kanda za zamani kwenye chumba kisicho na dirisha, na mjini watu waliendelea kusema ni yule mlevi. Mkewe aliishi naye kwa adabu, akimpakulia, akimuuliza habari za kazi, lakini lile la kumfinya goti lilikwisha.

Mwezi wa tatu baada ya moto, Sauti alikwenda kwenye kibanda cha viatu. Mzee alikuwa anashona soli, uzi mdomoni. Hakumjua kwa sura. Sauti alipotoa salamu, mkono wa mzee ulisimama.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mzee."

"Walisema ulikuwa umelewa."

"Sikuwa nimelewa. Nilikuwa kwenye dawa." Alitaka kuendelea, aeleze ini na moshi kama mfamasia alivyoeleza, lakini akiitazama ile mikono ya mzee yenye gundi aliona maelezo hayo yana faida kwake peke yake. "Daktari aliniuliza jambo, nikamdanganya. Yote yalitokana na hapo."

Mzee alitoa uzi mdomoni.

"Nesi aliniambia binti yangu aliniulizia mara tatu. Nami niko pale nje, ng'ambo ya ua tu. Ningeiacha redio ikisema robo saa zaidi." Alitazama kiatu mapajani mwake. "Ningeiacha tu."

"Kosa si lako, mzee wangu."

"Najua si langu. Lakini ndilo ninalolala nalo." Akashika sindano tena. "Jina lake ulilitamka sawasawa. Watu wengi hulikosea."

Mzee alivuta mshono mmoja, kisha wa pili. Akasema, bila ukali, "Usije tena. Si kwamba nakuchukia. Ni hiyo sauti. Nikiisikia, naisikia orodha nzima."

Mkewe alikuwa anamngoja ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala. Walipofika kona ndipo alipouliza.

"Amesemaje?"

"Nisirudi."

Walitembea kidogo. Magari yalikuwa mengi, vumbi limejaa hewani.

"Natamani sigara," Sauti alisema. "Mikono yangu yote inaitamani."

Mkewe aligeuka akamtazama, mara ya kwanza siku ile.

"Kesho mwambie daktari," alisema. "Mwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi."