Ntheo Ndani ya Simu ya Kathini

Jembe na sururu vilikuwa vimeegemezwa ukutani tangu Jumatatu na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Mahali pa kuchimba tulipajua, pale kando ya minyaa, karibu na kaburi la mume wangu. Lakini Kyule alikuwa ametuma neno kutoka Mukuyuni kwamba udongo usiguswe mpaka afike, kwa sababu Kathini hakuwa mke wa mtu.

Kathini alikuwa mke wa mwanangu Mutiso. Tulipika naye kwenye meko moja mpaka homa ya mapafu ikamchukua, akatuachia Mwau, mtoto wa miaka minne ambaye bado alikuwa anauliza mama atarudi na gari gani. Huyo Kyule ni ndugu mkubwa wa Nzomo, baba yake Kathini. Nzomo mwenyewe alikufa mwaka juzi, na mke wake alimtangulia. Kwa hivyo upande wa msichana, mwenye kauli alibaki Kyule peke yake.

Kwetu Ukambani mwanamke anaweza kukaa na mwanamume mpaka wazae watoto kumi, lakini kama mbuzi watatu wa ntheo hawajafika kwa baba yake, hajaolewa. Beberu mmoja anachinjwa siku hiyo hiyo, majike wawili wanabaki. Bila hao, akifa anarudishwa kwao kuzikwa, na watoto wake wanamfuata.

Na sisi tulipeleka. Lakini tulipeleka mwaka wa korona, watu wamekatazwa kukusanyika, tukaenda watu watatu tu: mimi, mume wangu na Mutiso. Kyule alikuwa Mombasa na barabara imefungwa. Hata ingekuwa wazi asingekuja, maana yeye na Nzomo walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya ugomvi wa shamba, na walikaa hivyo mpaka mmoja akaingia kaburini. Basi waliowaona wale mbuzi wakiingia boma la Nzomo tulibaki hai mimi na mwanangu. Kyule aliposikia hivyo kwa simu aliniuliza, mama na mtoto wake wangesema nini kingine?

Ndipo nikakumbuka kwamba siku ile nilishika simu ya Kathini nikapiga video. Yeye mwenyewe, akiwa pale kwa baba yake, ndiye aliyenipa na kunionyesha pa kubonyeza. Nikamwambia Kyule, naye akasema maneno ambayo sitayasahau.

"Simu hiyo nilimnunulia mimi alipomaliza chuo. Nionyeshe ndani ya simu hiyo yenyewe. Usiniletee kwa kadi wala kwa kompyuta, siku hizi kompyuta inamtia marehemu maneno mdomoni. Nitakuja Ijumaa."

Sikumwambia kwamba simu yenyewe ilikuwa kwenye kopo la mafuta ya Kimbo, chini ya vifungo na sindano. Ilikuwa imekataa kuwaka tangu mwaka uliopita. Ukiiwasha, ilionyesha ile alama yake ya kwanza, ikatetemeka, ikazima, ikaonyesha tena. Kitendawili hicho: mtu anabisha mlango wa nyumba yake mwenyewe mchana kutwa na hafunguliwi. Fundi wa kwanza niliyempelekea pale Migwani alisema dawa ni kufuta kila kitu. Nikamnyang'anya simu yangu.

Ijumaa asubuhi nikampelekea Tima. Tima ni msichana wa familia ya Kiislamu kutoka Mwingi, ana kibanda chake karibu na soko la mbuzi, na huniita Susu kama wajukuu wangu. Nilimweleza yote, kuanzia sururu hadi Kyule. Alisikiliza huku ameondoa mfuniko wa nyuma na kuangalia betri kama imevimba. Ilikuwa imevimba. Akatafuta nyingine ya namna hiyo hiyo kwenye droo, akaijaribu, na simu ikaendelea kubisha vile vile. Basi ugonjwa haukuwa betri.

Akaniambia kwamba simu haijafa, mfumo wake ndio umeoza. Kuna vijana huko nje wanaotengeneza mfumo mwingine wa simu za zamani kama hii, wanaugawa bure, na yeye anao kwenye kadi. Angeufuta ule wa zamani na kuweka huo. Picha na video zinakaa kwenye sanduku lao, pembeni ya mfumo, na sanduku angeliruka. Lakini kwanza lazima aingize programu ndogo, kama mlango wa nyuma, apitie hapo.

"Na ukikosea?"

"Nikikosea mahali pa kubonyeza, sanduku nalo linafutika. Ndiyo maana nakuuliza kabla, Susu. Nikishafuta hakuna wa kuniambia rudisha."

Nilimwambia afanye. Ningemwambia nini?

Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri, soko zima, na kompyuta ya Tima ilikuwa na moto kidogo tu. Aliunganisha waya, akabonyeza vitufe vitatu vya simu pamoja, kukatokea maandishi ya kuonya. Kukawa na mstari unaojaa polepole. Akanieleza kazi yangu. Mstari ukijaa, yeye atachomoa betri haraka, kwa sababu simu ikiamka kwa njia yake ya zamani itauona ule mlango mpya na kuuziba. Kisha atarudisha betri, na mimi niwe nimeshikilia kitufe cha kuongeza sauti na kile cha katikati, nisiachilie hata nikiitwa na serikali.

Vidole vyangu vina baridi yabisi. Nilishika. Mstari ukajaa, betri ikatoka, ikarudi, Tima akabonyeza cha kuwashia, na ile alama ya zamani ikaja, ikatetemeka. Kidole changu kilikuwa kimeteleza.

Tima hakunilaumu. Alisema tu kwamba mlango umeshazibwa na tunaanza upya, halafu akaangalia pembe ya kompyuta ambapo moto unaonyeshwa, akaangalia tena. Wakati huo kabambe yangu, simu yangu ndogo ya vitufe, ikalia mfukoni. Ilikuwa Mutiso. Wageni walikuwa wamefika Kitui mjini, wamesimama kunywa chai.

Mara ya pili sikutumia vidole. Nilishika simu kwa viganja viwili, gumba moja juu ya kitufe na gumba jingine katikati, kama ninavyoshika kibuyu nikisafisha, nikabana mpaka mikono ikaniuma hadi kwenye viwiko. Mstari ulienda, ukasimama, ukaenda. Tima akachomoa, akarudisha, akabonyeza. Giza. Halafu ukatokea ukurasa wa buluu ambao sikuwahi kuuona, wenye vibao vikubwa. Tima akatoa pumzi. Kompyuta nayo ikazima hapo hapo, kana kwamba ilikuwa inatungojea.

Kuanzia hapo kazi yote ilikuwa ndani ya simu. Tima akaingiza kadi yenye mfumo mpya, akafungua lile sanduku, na kweli video ilikuwa humo, jina lake tarehe ya mwaka ule. Niliona tarakimu tu. Alijaribu kuinakili kwenye kadi kwanza, simu ikasema nafasi haitoshi. Akaniangalia, nami nikamwangalia.

Akaweka kidole mahali pa kufuta. Akasema bismillahi kwa sauti ndogo, mimi nikafumba macho nikamtaja Yesu, na kati yetu tulikuwa tumeita karibu wote wanaoweza kuitwa pale Migwani. Nilipofumbua, maandishi madogo yalikuwa yanapanda kwenye kioo kama siafu. Akasema mfumo umeingia. Akawasha. Ikaja alama mpya, duara linalozunguka.

Duara likazunguka. Simu ikapata joto kama mtoto mwenye malaria. Nikamuuliza Tima kama imekwama tena, akasema mara ya kwanza huchukua muda.

Mutiso akapiga. Wageni walikuwa wameshaketi kwetu, Kyule amekataa chai, anauliza mama yuko wapi.

Tima akafunga kibanda. Tulipanda bodaboda mimi katikati na yeye nyuma, simu nimeibana kifuani, duara likizunguka. Njiani aliniambia sikioni jambo ambalo hakuwa amelitaja. Hii mifumo ya bure wakati mwingine inakuja na kasoro. Simu inaweza kuwaka vizuri na kamera ikakataa, au sauti ikakosekana kabisa. Nikamwambia sauti si kitu, sisi tunaenda kuonyesha mbuzi.

Tulipofika penye njia ya kuingia kwetu, simu ikatetemeka kifuani mwangu. Niliiangalia. Ilikuwa imeandika karibu.

Kyule alikuwa amekaa chini ya paa la jikoni, mtu mrefu, kofia juu ya goti, na wazee wawili wa kwao pembeni. Mutiso alikuwa amesimama, Mwau amemshika suruali. Nilisalimia, nikaomba msamaha kwa kuchelewa, nikampa Kyule simu. Aliigeuza. Akapitisha kidole kwenye pembe iliyobonyea, akasema Kathini aliiangusha siku ile ile aliyompa, wakiwa bado stendi. Alimrudishia Tima.

Tima akatafuta. Zikapita picha za Mwau akiwa mchanga, Mwau ndani ya karai, halafu akaifikia na kubonyeza. Sote tukainama.

Kioo kilikuwa cheusi.

Kilibaki cheusi. Kile kimstari cha chini kilikuwa kinatembea, video inaenda, na hakuna kitu. Nilijiona siku ile kwa Nzomo, nimeshika simu kwa mikono miwili nisiiangushe, na nikajua kidole changu kilikuwa kimekaa wapi. Nilikuwa nimefunika jicho la kamera mwanzo mpaka mwisho.

"Mbuzi hawa walikuja usiku, Mama Mutiso?" Kyule akauliza. Mzee mmoja akacheka puani. Kyule mwenyewe hakucheka. Akachukua kofia yake gotini, na Mutiso akamwinua Mwau akambeba, kama mtu anayesikia gari linawashwa.

Mikono yangu ilikuwa bado inauma, na maumivu yakanikumbusha kile kitufe cha sauti. Nikaichukua simu kwa Tima, nikaweka gumba pale pale nilipoweka asubuhi, nikabana. Nikabana tena. Nikakumbuka maneno ya bodaboda, kwamba sauti inaweza kuwa haipo kabisa, nikabana mara nyingine.

Mbuzi akalia.

Alilia ndani ya simu, karibu sana, mpaka mbuzi wetu wa zizini akamjibu. Kisha miguu kwenye changarawe, kikohozi cha mume wangu, na sauti ya mwanamume, nzito, yenye kicheko chini yake.

"Mama Mutiso, wanasema wewe ni hodari. Kwata ndai."

Hivyo ndivyo tunavyoanza kitendawili kwa Kikamba, na anayeulizwa husema nakwata, amekipokea. Kwenye simu nilikuwa bado sijajibu. Lakini pale jikoni kuna mtu aliyejibu.

"Nakwata," akasema Kyule.

Nadhani hakujua amesema. Kofia ilikuwa imemwanguka. Alikuwa anaitazama ile simu nyeusi kama mtoto aliyeitwa na ndugu yake kutoka upande wa pili wa mto. Sauti ya Nzomo ikaendelea, taratibu, akifurahia mwenyewe.

"Wageni watatu wameingia kwangu bila hodi. Wawili watalala hapa na kuzaa hapa. Mmoja hataliona jua likizama, na hakuna atakayemlilia. Ni nani hao?"

Siku ile nililijua jibu mara moja. Lakini mtu akikutegea kitendawili kizuri unamwacha akifurahie kidogo, kwa hivyo nilinyamaza. Simu nayo ikanyamaza. Mbuzi wakawa wanakula kitu, majani yanasikika yakikatika. Hakuna aliyesogea pale jikoni, hata Mwau.

"Mbuzi wa ntheo," akasema Kyule.

Nusu ya pumzi baadaye, mimi wa ndani ya simu nikasema maneno hayo hayo, na Nzomo akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba, akasema amewapokea, mtoto wake sasa ni wetu. Halafu kidole changu kikakwaruza na video ikaisha.

Kyule aliokota kofia yake. Wale wazee wake walimngojea, sisi tulimngojea. Alipoongea hakuniangalia mimi, alimwangalia Mutiso.

"Kathini atalala kwa mume wake. Na huyo kijana akue hapa alipozaliwa, lakini aje Mukuyuni likizo. Asije akakosa kunijua."

Kisha akanyoosha mkono tena kwa simu. Akamwomba Tima amrudishie nyuma kidogo, si mpaka kwa mbuzi, pale tu ndugu yake anapocheka. Tima akamrudishia. Akaomba tena. Aliiweka sikioni kabisa, kama mtu aliyepigiwa, akageukia ukuta.

Baadaye alipokubali chai, aliniambia kwamba siku nyingine nikipiga video kidole nikiweke kando. Nilimwambia kama nisingefunika jicho la kamera, angeangalia mbuzi na asingesikiliza.

Mutiso alikuwa ameshatoka. Tulisikia sururu ikigonga udongo kule kwenye minyaa, mara moja, halafu ikaendelea.